Chumvi majimaji na nyuzi za mgomba

Mkungu ukishakatwa, shina la mgomba huangushwa na kuachwa lioze shambani. Kwetu Uganda, kila penye matoke pana mashina hayo. Ukilikamua maji hubaki nyuzi, na ndani ya nyuzi mna selulosi, ileile ya pamba na karatasi.

Selulosi ni minyororo mirefu ya sukari iliyoshikamana kwa vifungo vya hidrojeni. Mahali pengine imejipanga kama fuwele, pengine imelegea. Ukiondoa palipolegea unabaki na vijiti vyenye upana wa nanomita 5 hadi 20 hivi (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), vya kuimarishia karatasi na vifungashio vinavyooza, tofauti na kaveera, yaani mifuko ya plastiki.

Kwa miaka mingi vijiti hivyo vimetengenezwa kwa asidi ya salfuriki ya takriban asilimia 64. Kazi hufanyika, lakini asidi inayobaki ni mzigo mzito. Ndipo vimiminika vya ioni vinapoingia. Hivi ni chumvi kama ile ya mezani, ila ya mezani huyeyuka kwenye nyuzijoto 801, hizi chini ya 100, kwa kuwa ioni zake, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ni kubwa, zina maumbo yasiyolingana, na hazipangiki vizuri.

Hapa wengi huchanganya mambo. Kimiminika chenye kloraidi huyeyusha selulosi yote, kama mwanakemia Robin Rogers na wenzake walivyoonyesha mwaka 2002. Ukitia maji, selulosi hurudi kuwa ngumu, lakini kwa mpangilio mwingine wa fuwele. Chenye haidrojeni salfeti hukata palipolegea tu na kuacha vijiti vya asili. Anayetaka vijiti achague cha pili.

Baada ya kuoshwa mara kadhaa, mchanganyiko huwa kama maziwa mepesi. Tikisa chupa katikati ya vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana, utaona mawingu ya rangi yakizunguka: vijiti vinajipanga kufuata mkondo. Mimi bado hufurahi kila ninapoyaona.

Vimiminika hivi karibu havitoi mvuke, ila tusidanganyane: kutotoa mvuke si sawa na kutokuwa na sumu. Baadhi ya vimiminika hivi hudhuru viumbe wa majini, hivyo maji ya kuoshea yasimwagwe kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Tena ni ghali. Lazima maji yavukizwe ili kimiminika kitumike upya, na uvukizaji hula umeme. Kila mzunguko sukari zilizokatika hubaki humo na kukitia rangi ya kahawia. Kukisafisha kwa gharama nafuu ndiko kunakotusumbua zaidi kuliko kuvipata vijiti vyenyewe.