“Fundi, Niwekee Springi Ngumu Kabisa”: Dhana Potofu Kuhusu Springi za Nyuma

Wiki hii nimeisikia mara tatu. Aliyekuja wa tatu alikuwa ameshanunua springi zake. Gari ni Cherokee XJ, moja ya zile za zamani zenye springi za majani nyuma, yaani bapa za chuma zilizopinda na kupangwa moja juu ya nyingine, na springi zimechoka hadi zimenyooka kama rula. Anataka lipande. Springi alizoleta zimetengenezwa kwa gari linalobeba kilo 300 muda wote, na lake nyuma lina jeki, wili spana na mwavuli. Nikamwuliza hizo kilo 300 ziko wapi. Akacheka. Mimi sikucheka, maana ninayemfungulia springi kama hizo baada ya mwezi, huku kashika kiuno, ni mimi.

“Springi ngumu ndiyo inayonyanyua gari”

Dhana hii inanikera kuliko zote kwa sababu si uongo mtupu. Springi ngumu hunyanyua gari kweli. Tatizo ni kile inachochukua kama malipo.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyafanya kuwa moja: mbinuko na ugumu. Mbinuko ni jinsi springi ilivyopinda ikiwa imelala sakafuni, haijabeba kitu. Ugumu ni kilo zinazohitajika kuibonyeza sentimita moja. Tuseme kila springi ya nyuma imebeba kilo 400 na ugumu wake ni kilo 25 kwa sentimita. Itabonyea sentimita 16 na kutulia hapo. Sasa unataka kupanda sentimita 6. Unaweza kununua springi yenye ugumu uleule lakini iliyobinuka sentimita 6 zaidi: itabonyea zilezile 16, na gari litakaa juu unavyotaka. Au unaweza kununua yenye mbinuko uleule na ugumu wa kilo 40. Hiyo itabonyea sentimita 10 tu, na gari litapanda sentimita 6 vilevile.

Ukiyasimamisha magari hayo mawili bega kwa bega, huoni tofauti. Sasa yapeleke kwenye barabara yenye matuta. La pili linaruka nyuma kama mbuzi. Lipeleke kwenye mashimo na utaona jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii: springi iliyobonyea sentimita 10 ina sentimita 10 tu za kulisukuma gurudumu chini likikuta shimo. Ile laini ina 16. Kwa hiyo mtu ananyanyua gari ili liende porini, kisha gurudumu linaning’inia hewani pale ambapo la mwenzake bado linakanyaga ardhi.

“Lakini fundi, hizi nazo zina majani matano kama za kwanza.” Kuhesabu majani hakukuambii kitu. Chukua vernia upime unene. Ugumu wa jani haupandi sawa na unene. Unapanda kwa unene mara unene mara unene. Jani la milimita 7 lina ugumu zaidi ya lile la milimita 6 kwa karibu asilimia 60, ilhali kwa macho yanafanana kama mapacha. La milimita 8 limepita mara mbili. Ndiyo maana napenda springi yenye majani mengi membamba kuliko yenye machache manene: jani jembamba huvumilia kupindwa zaidi kabla ya kuchoka. Nikizigeuza naangalia pia kama ncha ya jani la pili imezungushwa kwenye jicho la jani kuu, lile tundu la mwisho linalopitisha boliti. Jani kuu likikatika ukiwa mbali, hilo la pili ndilo litakalokurudisha nyumbani.

Uchague vipi, basi? Hesabu vitu visivyoshuka garini. Bampa la chuma, tangi la pili, droo, friji, mkono wa tairi la akiba. Lita 90 za dizeli ni kama kilo 75. Jumlisha, kisha ulipeleke gari kwenye mizani upime ekseli ya nyuma peke yake; hesabu za kichwani huwa zinamdanganya mwenye gari, na kila mara zinamdanganya upande uleule. Safari ya mara moja kwa mwaka na familia nzima si mzigo wa kudumu. Ukijikuta katikati ya madaraja mawili ya springi kwa mzigo wako, chukua jepesi. Wapo mafundi wanaonibishia hapo. Waacheni wabishe, magari yao huwa nayafungua mimi.

“Springi ya sentimita 5 itanyanyua gari langu sentimita 5”

Sentimita hizo zinahesabiwa kutoka kimo cha kiwandani, si kutoka pale springi zako zilizochoka zilipolala. Kama gari lilikuwa limezama sentimita 4, nyuma itapanda 9, na utanipigia simu kwamba gari linainama mbele. Kisha wiki za kwanza springi mpya itajilaza, mara nyingi sentimita moja, pengine mbili. Pima kabla na baada, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Ukipima kutoka ardhini unapima na upepo wa tairi.

“Za zamani zipindwe upya tu”

Zikipindwa baridi kwa nyundo zitapanda, kisha zitarudi zilikotoka. Chuma kilichochoka hakisahau. Kuna karakana zinazozipasha moto na kuzikomaza upya inavyotakiwa, na hao nawaheshimu, ila si huyo mwenye nyundo.

“Ongeza jani moja”

Kwa gari linalobeba mzigo wa kudumu na springi ambazo bado nzima, sawa, mradi jani liwe refu. Jani fupi nene hukaza katikati na kuyaacha majani mengine yapinde pale linapoishia, na ndipo yanapokatikia.

“Shakeli ndefu ni njia rahisi”

Ukirefusha shakeli, kile kiungo kinachoshikanisha ncha ya springi na chesi, kwa sentimita 5 unapata nusu yake, sentimita 2 na nusu. Pamoja na hizo unapata pua ya difu iliyonyanyuka, na propela shafti inayoingia hapo ikitetemeka bila wewe kujua mtetemo umetoka wapi.

“Shokapu zangu bado nzima, zinashikilia gari vizuri”

Shokapu hazishikilii gari, zinatuliza mruko. Gari likipanda na shokapu zikabaki fupi, zenyewe ndizo zitakuwa kamba ya kuzuia ekseli isishuke, hadi siku zitakapong’oka. Hapohapo angalia mpira wa breki wa nyuma: nyanyua chesi hadi magurudumu yaning’inie, uone kama umevutika. Kama gari lako lina vali ya breki yenye fimbo iliyoshikana na ekseli, irekebishe. Vali hiyo hupima mzigo kwa kuangalia chesi imeshuka kiasi gani. Ukishanyanyua, inadhani gari ni tupu daima, na inapunguza breki za nyuma hata siku umejaza hadi juu.

“Yubolti hizi bado zinafaa”

Boliti hizi za umbo la U, zinazobana springi kwenye ekseli, zimeshavutwa mara moja. Nunua mpya, kisha uzikaze tena baada ya kilomita mia chache, maana majani mapya hujipanga na kulegeza. Senta bolti, ile inayopita katikati ya majani yote, kazi yake ni kuonyesha ekseli ikae wapi. Anayeishika ni yubolti. Kila senta bolti iliyokatika ninayoletewa, nikigusa yubolti nazikuta zinacheza.

Na bushi, zile raba za ndani ya jicho na shakeli, kwa heshima zote kwa wanaofunga springi wenyewe nyumbani: usikaze boliti za jicho na shakeli gari likiwa juu ya stendi. Raba hushikwa pale ilipokazwa. Ukiikaza springi ikiwa imening’inia, ukishusha gari raba inasokotwa kama nguo inayokamuliwa na kubaki hivyo usiku na mchana, hadi ichanike. Ingiza boliti, acha nati zilegee, shusha gari likanyage, litikise, ndipo uingie chini na spana.

Yule wa XJ tulikubaliana. Mizani ilionyesha nyuma imezidi uzito wa kiwandani kwa kilo 40, nyingi zikiwa ndoano ya kuvutia trela, na trela lenyewe hana. Nimemfungia za daraja jepesi, zenye mbinuko wa sentimita 5. Zile nyingine zimeegemea ukuta wa gereji, zimefungwa waya, na bado zina karatasi ya kilo 300.