Je, wajua kwa nini kifaa chenye wati nyingi ndicho chenye ukinzani mdogo?

Chukua birika la umeme la wati 2,300 na balbu ya uzi ya wati 60, vyote viwili vya volti 230. Ukiuliza kipi kina ukinzani mkubwa, yaani kipi kinazuia zaidi umeme usipite, wengi watataja birika. Hoja yao inaeleweka: ukinzani ndio unaozaa joto, basi palipo na joto jingi pana ukinzani mwingi. Hesabu inasema kinyume. Birika lina omu 23 tu, na balbu inapowaka ina zaidi ya omu 880.

Vipimo viwili vinatosha kulithibitisha hili: volteji na mkondo. Gawanya volti kwa ampea, unapata ukinzani kwa omu. Zidisha volti kwa ampea, unapata nguvu kwa wati. Birika huvuta ampea 10, kwa hiyo 230 ÷ 10 ni omu 23, na 230 × 10 ni wati 2,300. Balbu huvuta takribani ampea 0.26, fanya hesabu hizohizo uone.

Kwa nini kuzidisha? Volti 1 maana yake ni kwamba kila kulombi 1 ya chaji ikipita katika kifaa huacha humo nishati ya juli 1. Ampea 1 ni kulombi 1 kila sekunde. Ukizidisha nishati ya kila kulombi kwa idadi ya kulombi zinazopita kila sekunde, unapata juli kwa sekunde, na hiyo ndiyo wati. Kugawanya hujibu swali jingine kabisa: unahitaji volti ngapi ili kupitisha ampea moja?

Swali hilo la pili ndilo lililomshughulisha Georg Simon Ohm, mwalimu wa Ujerumani aliyechapisha kazi yake kuu mwaka 1827. Betri za wakati wake zilififia katikati ya kipimo, hivyo akaziacha akatumia maungio ya metali mbili, upande mmoja ukiwa kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu. Volteji yake ilikuwa ndogo sana lakini haikuyumba, na kwa utulivu huo aliweza kuona uhusiano ambao wengine waliukosa. Mwaka 1841 Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, ilimtunuku Medali ya Copley. Mwaka huohuo Mwingereza James Joule alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba joto katika waya hufuata mraba wa mkondo ukizidishwa kwa ukinzani.

Sasa turudi kwenye kitendawili chetu. Jibu liko katika kujua ni kipi kisichobadilika. Vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi hupata volteji ileile. Hapo nguvu ni mraba wa volteji ukigawanywa kwa ukinzani, kwa hiyo ukinzani ukipungua, mkondo huongezeka na wati hupanda. Lakini vifaa vikiunganishwa kwa mfululizo, kimoja nyuma ya kingine, kisichobadilika ni mkondo, na kanuni ya Joule ndiyo inayoamua: chenye ukinzani mkubwa ndicho kinachopata joto zaidi. Unganisha hivyo balbu ya wati 40 na ya wati 100, na ile ya 40 ndiyo itakayong'aa zaidi. Hili huwashangaza hata wanafunzi wanaozijua kanuni zote kwa moyo.

Na hapa ndipo hesabu inapookoa nyumba. Kiungo kilicholegea ndani ya plagi kiko katika mfululizo na birika. Tuseme kina nusu omu tu. Mkondo wa ampea 10 ukipita, mraba wake ni 100, mara 0.5 ni wati 50 za joto katika sehemu ndogo kuliko ukucha. Plastiki haihimili. Birika litaendelea kuchemsha maji kama kawaida, karibu bila dalili yoyote, huku plagi ikiungua. Plagi ikiwa ya moto unapoishika, acha kuitumia mara moja.

Kanuni hizi zina mipaka. Feni na mota nyingine za mkondo geu, yaani umeme unaogeuza mwelekeo mara kwa mara kama ule wa soketi, huwa na volteji na mkondo visivyopanda na kushuka kwa pamoja, kwa hiyo volti mara ampea huzidi wati halisi, na kugawanya hakukupi ukinzani wa waya peke yake.

Balbu ya uzi nayo ina lake. Ukiitoa ikiwa baridi na kuipima ukinzani kwa multimita, balbu ileile ya wati 60 itasoma labda omu 70, wala si 880. Mita haijaharibika. Uzi wa tungsteni unapowaka hufikia takribani nyuzi 2,500 za Selsiasi, na kwenye joto hilo atomu hutikisika kwa nguvu na kuzuia elektroni zaidi ya mara kumi kuliko uzi ukiwa baridi. Ndiyo maana unapobonyeza swichi, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde balbu inaweza kuvuta zaidi ya ampea 3 badala ya 0.26, na balbu nyingi za aina hii hukata uzi wakati huohuo wa kuwashwa.