"Adhabu ya mara tatu" kazini maana yake nini hasa?

Mtu akisikia "adhabu ya mara tatu" anaweza kudhani tunaongelea kesi na jela, kumbe ni neno la mambo ya ajira. Lilisikika sana Uingereza mwezi wa nane 2016, pale kamati ya bunge inayoshughulikia wanawake na usawa ilipotoa ripoti kuhusu Waislamu na kazi. Wakasema mwanamke wa Kiislamu wa kule, ambaye mara nyingi wazazi wake au babu zake walitoka Pakistan, Bangladesh au Somalia, anabeba vitu vitatu kwa mpigo: ni mwanamke, ni wa kabila la wachache, halafu ni Muislamu. Waislamu waliokosa kazi walikuwa 12.8% wakati nchi nzima ni 5.4%, na wale ambao wako nje kabisa, yani hawana kazi na wala hawatafuti, 65% yao wanawake.

Sasa hapo kwenye "tatu" ndo watu wanapotea. Wanapiga hesabu ya dukani, uanamke jumlisha kabila jumlisha dini, jibu hili hapa. Haiendi hivyo bwana. Ni kama ukili, ukishasukwa huwezi kuvuta mwaa mmoja ukasema huu ndo unaoshika mkeka.

Aliyeliweka hili wazi kisheria ni Kimberlé Crenshaw, profesa wa sheria Marekani, mwaka 1989, na mfano wake mmoja ni kesi iliyoamuliwa 1976. Wanawake watano weusi waliishtaki General Motors. Kampuni ilikuwa haijaajiri mwanamke mweusi hata mmoja kabla ya 1964, uchumi ulipoyumba ikapunguza watu kwa kuanza na walioingia mwisho, na walioingia mwisho unawajua ni akina nani. Mahakama ikasema wanawake mbona wameajiriwa? Ni kweli, wazungu, ofisini. Weusi mbona wapo? Ni kweli pia, wanaume, kiwandani. Kwa hiyo hao kina mama wakaambiwa wachague, washtaki kama wanawake au kama weusi, lakini wasichanganye. Wakashindwa. Mimi kila nikiisoma hii kesi nacheka halafu nakasirika.

Rudi kwa Waislamu. Ujerumani kule mtu akiomba kazi anaambatanisha na picha, kwa hiyo mtafiti mmoja wa Austria, Doris Weichselbaumer, akatengeneza maombi ya uongo, picha ni ya dada yuleyule mmoja, elimu na uzoefu vilevile, kinachobadilika ni jina na kitambaa tu. Matokeo yalitoka 2016. Akijiita Sandra Bauer anaitwa intavyuu 18.8%. Akijiita Meryem Öztürk, jina la Kituruki, kichwa wazi, 13.5%. Meryem huyohuyo akivaa hijabu, 4.2%. Yani anatakiwa atume maombi kama mara nne na nusu ya Sandra ili apate simu zilezile! Na kuna kitu ambacho kwangu ndo kikubwa zaidi, kadiri nafasi ilivyokuwa ya juu ndo pengo lilivyozidi, mhasibu mkuu alibanwa kuliko sekretari. Hijabu ikiwa mapokezi inavumilika kidogo, ikitaka kukaa kiti cha bosi mambo yanabadilika.

Najua kuna mtu hapo anataka kuandika "tatizo ni waume zao hawawaruhusu". Sawa, wapo waume wa hivyo, sikatai. Ila Meryem hana mume wa kumkataza, maana hata hayupo duniani, ni karatasi.

Akishaingia kazini nako kuna mengine ambayo hayaandikwi popote. Kupanda cheo sehemu nyingi kunategemea nani anakujua, na kujuana kwenyewe kunafanyika baa Ijumaa jioni, sasa we dada unaenda nyumbani halafu Jumatatu unakuta mradi ushagawiwa. Hakuna aliyekufukuza. Na ukifanikiwa kufika juu kabisa bado utaulizwa habari za wengine. Zara Mohammed wa Glasgow alichaguliwa Januari 2021 kuongoza Baraza la Waislamu wa Uingereza, mwanamke wa kwanza, umri miaka 29, mwezi uliofuata kwenye redio ya BBC akaulizwa tena na tena kuna maimamu wangapi wanawake nchini, kama vile kachaguliwa kwenda kuhesabu maimamu. Waliolalamikia mahojiano hayo walikuwa wengi.

Wapo waliopenya lakini. Sayeeda Warsi, binti wa wahamiaji wa Kipakistani, aliingia baraza la mawaziri la Uingereza 2010, mwanamke wa kwanza Muislamu, na kikao cha kwanza akaenda na shalwar kameez yake, vazi la Kipakistani. Shabana Mahmood aliingia bunge mwaka huohuo 2010, leo ni mtu mkubwa serikalini. Watu wanawatumia hawa kama ushahidi kwamba mlango uko wazi, mimi naona kama mtu mmoja akiruka ukuta haina maana ukuta haupo, we mwulize kwanza kachubuka wapi.

Na tusijifanye ni mambo ya Ulaya tu. Kenya, kaskazini mashariki, Wasomali ni wachache ukiangalia nchi nzima, na kule kwao mgombea mara nyingi anapitishwa kwanza na wazee wa ukoo, wanaume watupu. Sophia Abdi Noor alitaka ubunge wa Ijara 1997, akazuiwa kwa sababu ni mwanamke. Akaja kushinda kiti hichohicho 2017, miaka 20 baadaye. Kwa hiyo mwanamke wa kule anabanwa Nairobi kwa jina na ushungi wake, akirudi nyumbani ambako jina na ushungi si tatizo anakuta wazee wamekaa chini ya mti wameshamaliza kikao.