Je, wajua kwa nini mwenye pointi chache humshinda mkubwa katika sataranji?

Katika mashindano ya sataranji jijini Kampala (chesi, kwa wengi), raundi ya kwanza ndiyo yenye vituko. Mfumo wa Uswisi wa kupanga wapinzani hukutanisha nusu ya juu ya orodha ya pointi (kipimo cha uwezo wa mchezaji) na nusu ya chini, hivyo mzee wa pointi 1900 hujikuta mezani na mwanafunzi wa 1700. Mwanafunzi akishinda, watazamaji husema kabahatisha. Mara nyingi sivyo.

Hesabu ya pointi hizo ilibuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, na shirikisho la dunia, FIDE, likaanza kuitumia mwaka 1970. Pointi ni kumbukumbu ya matokeo yaliyopita. Nguvu ya mtu ya asubuhi hii hazijaiona. Mtoto anayecheza kila jioni Katwe, mtaa duni wa Kampala, anaweza kupanda sana kiuchezaji huku pointi zake zimelala palepale, kwa kuwa husogea tu katika mashindano yaliyosajiliwa. Phiona Mutesi, aliyefundishwa na Robert Katende hukohuko Katwe, alipata cheo cha WCM (Woman Candidate Master, cheo cha FIDE kwa wanawake) mwaka 2012 kwa matokeo yake kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul, si kwa wingi wa pointi.

Hata pointi zikiwa sahihi kabisa, tofauti ya 200 humpa mkubwa matarajio ya alama 76 katika michezo 100, sare ikihesabiwa nusu. Zinazobaki 24 ni haki ya mdogo.

Lakini mimi naona mtego mkubwa zaidi uko kwenye sare. Kwa mtu mzima wa kiwango hicho kipimo cha mabadiliko, yaani namba inayozidishwa na tofauti kati ya matokeo na matarajio, huwa 20: akimshinda mtoto anaongeza pointi 5 hivi, akitoka sare anapoteza 5, akishindwa zinakwenda 15. Sare kwake ni hasara, na pia aibu! Basi mtoto akimwomba sare, anakataa. Anasukuma askari waliokuwa wakimlinda mfalme, anatafuta shambulizi lisilokuwepo, saa inakimbia, ngome inaliwa. Mtoto hakufanya maajabu yoyote. Alitulia tu, akangoja.

Naye, kwa kuwa bado hajatimiza miaka 18, kipimo chake ni 40. Anaondoka na pointi 30.