Magazeti ya kale ya New York si takwimu za uhalifu
Wengi wanaopekua magazeti ya New York ya miaka ya 1830 huhitimisha kwamba jiji lile lilijaa mauaji. Hitimisho hilo si sahihi, kwani nafasi iliyopewa habari ilitegemea kilichouza gazeti kuliko kilichotokea mara nyingi mitaani.

Benjamin Day alipoanzisha gazeti la The Sun mwezi Septemba 1833, aliliuza kwa senti 1 ilhali magazeti makubwa yaliuzwa kwa senti 6, hivyo alihitaji wanunuzi wengi kila siku. Alimwajiri George Wisner aripoti kesi za mahakama ya polisi: walevi waliokamatwa usiku, wanawake waliopigwa na waume zao, ugomvi wa majirani, wizi mdogo mdogo. Humo ndimo yalimo maisha ya kila siku, na inasikitisha kwamba safu hizo fupi ndizo zinazorukwa upesi zaidi.

Helen Jewett, kahaba wa New York, alipouawa Aprili 1836, James Gordon Bennett, mhariri wa gazeti la Herald, alikwenda mwenyewe kwenye nyumba ya tukio, na habari hiyo ikaendelea kuandikwa hadi mshtakiwa, Richard Robinson, alipoachiwa huru mwezi Juni. Kwa hiyo, anayetafuta neno la mauaji katika hifadhi ya kidijitali anaweza kupata makala chungu nzima kuhusu mtu mmoja tu aliyeuawa. Anayetaka kukadiria uhalifu wenyewe aanzie kwenye kumbukumbu za mahakama na za uchunguzi wa vifo, ingawa nazo huonyesha yale tu yaliyofikishwa mbele ya maofisa.