Siri si moja: covert, clandestine na surreptitious

Nasahihisha kopi za wanafunzi wa sekondari hapa Lubumbashi, na leo tena nimelikuta kosa lile: "He is a clandestine." Kifaransa hicho, ambako mtu mwenyewe huitwa clandestin! Kwa Kiingereza clandestine ni sifa ya jambo: mkutano, ndoa, redio. Aliyejificha kwenye meli asafiri bure ni stowaway. Tuendelee.

Kinachonikera zaidi ni lile swali: "Prof, covert, clandestine, surreptitious, si yote ni 'kwa siri' tu?" Siri ya nini, kijana? Watu wa ujasusi hutenganisha hivi: clandestine huficha tendo lenyewe, covert humficha anayeliagiza. Chukua mambo ya kwetu. Septemba 1960, Sidney Gottlieb, mkemia wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alileta Léopoldville (Kinshasa ya leo) sumu ya kumuulia Lumumba. Kamati ya Seneti ya Marekani chini ya seneta Frank Church iliyaanika hayo mwaka 1975. Kuingia kwake na sumu ile kulikuwa clandestine: hakuna aliyepaswa kujua kuna kitu kimeingia. Lakini sumu ingetumika, kifo cha Lumumba kingejulikana dunia nzima, na mkono wa Marekani ndio ungebaki gizani. Hapo ni covert. Haikutumika, Lumumba alipigwa risasi tarehe 17 Januari 1961, si mbali na mji wetu huu. Vivyo hivyo pesa za CIA kwa wanasiasa wa hapa: mwanasiasa alionekana, akasikika, mfadhili hakutajwa. Sheria ya Marekani ya 1991 nayo inaieleza covert action kwa kigezo hicho hicho, kwamba nafasi ya serikali isionekane wala kukiriwa.

Sasa niseme ukweli: magazeti ya Kiingereza huyachanganya maneno haya kila siku, na kamusi hueleza moja kwa kutumia jingine. Kwenye insha ya kawaida simkati mtu pointi. Roho inaniuma tu.

Surreptitious ni dogo zaidi. Halihitaji njama wala bajeti. Linahitaji mtu wa karibu asiyetakiwa kuona. Mwanafunzi anayechungulia simu chini ya dawati huku nikiandika ubaoni, ndilo hilo, kutazama kwa kuibia. Ukiwa peke yako chumbani hulifanyi hata ukitaka.

Na tafadhali, avion furtif, ile ndege ya kivita isiyoonekana kirahisi kwenye rada, si "furtive aircraft". Ni stealth aircraft. Furtive ina harufu ya hatia. Hiyo yako ni ndege inayogeuka huku na huku kama mwizi wa kuku.