Mali ghafi za dawa za asili: ukaguzi uanze kabla ya kusaga

Kwa nini tukague mizizi na majani, badala ya kusubiri dawa iliyokwisha kufungwa?

Kwa sababu mzizi ukishasagwa hautambuliki tena kwa macho. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu zaidi ya 100, wengi wao wanawake, waliharibikiwa figo kwa vidonge vya kupunguza uzito, baada ya mmea mmoja wa Kichina kuchukuliwa badala ya mwingine wenye jina linalofanana nao.

Mtengenezaji wa Tabora atajuaje kwamba ameletewa alichoagiza?

Asitegemee jina peke yake, maana Mnyamwezi, Msukuma na Muha wanaweza kuuita mti mmoja kwa majina matatu, au kuiita miti miwili kwa jina moja. Mchimba dawa aombwe alete, pamoja na magome, tawi lenye majani na ua au tunda. Tawi hilo likaushwe likiwa limebanwa katikati ya magazeti, liandikwe mahali na tarehe, kisha kila mzigo mpya ulinganishwe nalo.

Je, mahali mmea ulipochumwa pana uzito wowote?

Pana uzito mkubwa, hasa mkoani kwetu. Mwarobaini uliosimama pembeni mwa shamba la tumbaku huweza kupata dawa ya wadudu iliyopulizwa shambani, na majani yaliyokaushwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, huweza kubeba mabaki ya tumbaku. Kule Nzega, karibu na wachimbaji wadogo wa dhahabu, kuna hofu ya zebaki. Shirika la Afya Duniani limependekeza madini ya risasi yasizidi miligramu 10 kwa kilo ya mali ghafi, kiasi ambacho ulimi na pua havikitambui. Hapo ni kazi ya maabara, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kuosha na kuchemsha hakutoshi?

Hakutoshi. Madini hayo hayaondoki kwa kuchemshwa, na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu na kudhuru ini, hubaki hata ukungu ukikwanguliwa.

Tukaushe vipi, basi, wakati wa mvua?

Majani yatandazwe kwa tabaka jembamba juu ya kichanja, kivulini, penye upepo, yasiguse udongo. Kikonyo kikipinda bila kuvunjika, bado kina maji. Kwa uhakika zaidi, pima gramu 100, ziendelee kukaushwa kwa joto la wastani hadi uzito usishuke tena. Zikipungua zaidi ya gramu 10, mzigo wote urudi kichanjani siku hiyo hiyo.